Banoffee: ndizi na tofi, au ndizi na kahawa?

Swali: Nina mgahawa mdogo wa keki hapa Tanga. Mgeni mmoja aliomba pai inayoitwa banoffee. Mpishi wangu anasema neno hilo limetokana na ndizi na kahawa, maana mapishi aliyoyaona yana kahawa juu. Binti yangu anasema ni ndizi na tofi. Nani yuko sahihi? Kama ni tofi, kahawa imeingiaje? Na nikitaka kupika ile ya asili, nifuate nini nisije nikaharibu, na kwenye ubao wa menyu niandikeje?

Jibu: Binti yako yuko sahihi, dada. Banoffee ni banana na toffee, yaani ndizi na tofi. Lakini mpishi wako naye hakubuni tu. Kahawa imo kweli katika pai ya asili, na mtu akilitazama neno lenyewe bila kujua historia yake, hana hoja ya kumshinda. Ndiyo maana inafaa tulichambue neno kwanza, halafu tuingie jikoni, kwa sababu ushahidi wenyewe uko jikoni.

Neno lilipokatiwa

Waingereza wana mazoea ya kuchukua maneno mawili, kuyakata, na kuunga vipande viwe neno moja. Walimu wetu wa isimu wanaita njia hiyo uhulutishaji, na Kiswahili kinaitumia pia: chakula cha jioni kimekuwa chajio, chakula cha mchana kimekuwa chamcha. Ila angalia jinsi sisi tunavyokata. Tunachukua kichwa cha kila neno, cha- na jio-, cha- na mcha-. Mikia yote tunaiacha. Kiingereza mara nyingi huchukua kichwa cha neno la kwanza na mkia wa neno la pili. Brunch, mlo wa asubuhi iliyokwisha kupamba moto, ni br- ya breakfast na -unch ya lunch. Kwa hiyo Mswahili akisikia banoffee na kutafuta mwanzo wa neno la pili, hataupata. Mwanzo huo umetupwa.

Sasa tamka polepole. Banana, ba-NA-na, mkazo uko silabi ya pili. Toffee, TO-fi, mkazo uko silabi ya kwanza. Kisu kimepita ndani ya silabi yenye mkazo katika maneno yote mawili, katikati ya konsonanti na irabu. Kwenye banana kimepita baada ya n: ban, halafu ana inatupwa. Kwenye toffee kimepita baada ya t: t inatupwa, offee inabaki. Unganisha ban na offee upate ba-NO-fi, silabi tatu, na mkazo umebaki palepale ulipokuwa kwenye banana. Hiyo ndiyo sababu neno linakaa vizuri mdomoni na anayelisikia mara ya kwanza hajikwai: mapigo ni ya ndizi, sauti ya mwisho ni ya tofi. Kwa bahati njema mkazo huo ndio wa Kiswahili pia, silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mhudumu wako akilisoma kama neno la kwetu atalitamka sawasawa.

Kwa upande wa mpishi wako, jaribu kukata coffee kwa kisu hichohicho. KO-fi, tupa konsonanti ya kwanza, inabaki offee. Unganisha na ban, unapata banoffee ileile, bila tofauti ya herufi wala ya sauti. Toffee na coffee zina kina kimoja. Kinachozitenganisha ni konsonanti moja ya mwanzo, na konsonanti hiyohiyo ndiyo iliyokatwa. Kwa hiyo umbo la neno haliwezi kuamua kesi hii. Anayedai kwamba anasikia tofi ndani yake ni kwa sababu alishaambiwa, na anayedai anasikia kahawa ni kwa sababu alishaiona juu ya krimu.

Hali hii si ya banoffee peke yake, na watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba neno la mseto linajieleza lenyewe. Chukua Spam, nyama ya nguruwe ya kopo iliyotolewa na kampuni ya Hormel huko Marekani mwaka 1937. Jina lilitolewa na Kenneth Daigneau katika shindano, akapewa dola 100. Maelezo yanayotajwa zaidi ni spiced na ham, yaani nyama ya paja iliyokolezwa viungo. Lakini watu walianza kulifumua neno wapendavyo, wakazipa herufi zake maana za kifupisho, shoulder of pork and ham, na wako wanaoapa kwamba ndiyo asili. Neno fupi la namna hiyo hukubali kufumuliwa njia nyingi, na zote zinaweza kusikika za kweli. Kinachoamua ni mambo ya nje: nani alilitunga, lini, na siku hiyo mezani palikuwa na nini.

Mezani palikuwa na nini

Banoffee ina bahati kwamba watungaji wake wanajulikana. Ilitoka kwenye mgahawa ulioitwa The Hungry Monk, katika kijiji cha Jevington, jimbo la East Sussex, kusini mwa Uingereza. Mwenye mgahawa alikuwa Nigel Mackenzie, mpishi alikuwa Ian Dowding. Mwaka unaotajwa zaidi ni 1971.

Walianza na pai ya watu wengine. Dowding alikuwa na mapishi yenye asili ya duka la vitamutamu la Blum's, San Francisco, na jina la pai hiyo ya Marekani lilikuwa Coffee Toffee Pie. Lisome jina hilo tena, kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali lako la pili. Pai ya kwanza ilikuwa na tofi chini na krimu yenye ladha ya kahawa juu. Kahawa ilikuwemo kabla ya ndizi.

Shida ya mapishi hayo ilikuwa tofi yenyewe. Tofi halisi ni sukari na siagi zinazochemshwa hadi joto la karibu nyuzi 150 za Sentigredi, na joto likizidi au kupungua kidogo tu, tofi ama inakataa kuganda, ama inakuwa jiwe lisilokatika kwa kisu. Kwa mgahawa unaopika kila siku, hiyo ni hasara. Dada yake Dowding ndiye aliyemweleza njia nyingine: kuchemsha kopo la maziwa mazito matamu bila kulifungua, kwa saa kadhaa, hadi maziwa yageuke kitu laini cha rangi ya kahawia. Njia hiyo haikuhitaji kupima joto, na matokeo yalikuwa yaleyale kila mara.

Wakawa na tofi ya kuaminika, lakini utamu ulikuwa mwingi na pai ilihitaji kitu cha kuukata. Wakajaribu tufaha, wakajaribu chenza. Mackenzie akapendekeza ndizi, na wote wawili wakaona imekubali. Jina pia lilitoka kwa Mackenzie: Banoffi Pie, kwa i moja mwishoni.

Hapo kesi imekwisha. Pai mpya ilitofautiana na ya zamani kwa jambo moja lililoonekana wazi, nalo ni ndizi, na ndizi ikachukua nafasi ya coffee mbele ya toffee. Coffee Toffee ikawa Banana Toffee, halafu ikafupishwa. Kahawa ilibaki kwenye krimu kama masalio ya pai ya kwanza. Ilipoteza nafasi yake kwenye jina, haikupoteza nafasi yake kwenye sahani. Mpishi wako ameona masalio hayo akayadhania ni shina.

Vipimo navyo vinaelekeza hukohuko, ingawa vyenyewe visingetosha kuwa ushahidi. Mapishi ya Jevington yana kopo moja na nusu la maziwa mazito matamu, yaani karibu gramu 575 za tofi, na gramu 680 hivi za ndizi. Kahawa ni nusu kijiko cha chai ndani ya krimu na vumbi kidogo la kunyunyiza juu. Na wapishi wengi wa Uingereza siku hizi hawaweki kahawa kabisa, wengine hunyunyiza chokoleti iliyokunwa mahali pake, na hakuna anayewaambia kwamba walichopika si banoffee. Mtu akiiondoa tofi, hapo wataanza kumuuliza.

Mapishi yalichapishwa mwaka 1974 katika kitabu cha mgahawa wenyewe, na tahajia ilikuwa ileile ya Banoffi. Tahajia ya -ee ilienea baadaye kadiri pai ilivyosambaa, watu wakiliandika neno kwa kufuata toffee. Kwa hiyo mpishi wako asitumie -ee kama ushahidi wa coffee: watungaji hawakuiandika hivyo, na hata wangeiandika, toffee inaishia vivyo hivyo.

Kuna dai jingine utakalolikuta, kwamba banoffee ni pai ya Marekani. Mnamo 1984 baadhi ya maduka makubwa ya Uingereza yalianza kuiuza kwa maelezo hayo, na Mackenzie akatangaza pauni 10,000 kwa yeyote atakayethibitisha kwamba si wao walioibuni. Dai hilo lina chembe ya ukweli, kwa sababu mzazi wa pai ni wa San Francisco. Ndizi, kopo na jina ni vya Jevington.

Mizizi ya maneno matatu

Kwa ufupi, maana hapa hapana ubishi mkubwa. Banana iliingia Kiingereza katika karne ya 16 kupitia Wareno na Wahispania, nao waliipata Afrika Magharibi. Lugha ya Kiwolofu ndiyo inayotajwa mara nyingi. Toffee ni umbo la taffy, neno la lahaja za Uingereza lililoanza kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 19, na tofi yetu ya Kiswahili imetoka kwake moja kwa moja. Coffee imepita kwa Waholanzi na Waturuki kutoka qahwa ya Kiarabu, na kahawa yetu imetoka kwa Mwarabu huyohuyo bila kupitia Ulaya. Mpishi wako, basi, alikuwa anatetea neno lenye undugu na la kwetu, jambo ambalo huenda lilimvutia bila yeye kujua.

Tofi ambayo si tofi kamili

Kabla ya kuwasha jiko, ujue kwamba kilichomo ndani ya pai hii si tofi kwa maana kali ya neno. Sukari ya kawaida haianzi kuungua na kuwa karameli hadi ipite nyuzi 160. Kopo lililomo ndani ya maji yanayochemka haliwezi kuzidi nyuzi 100, na Tanga, usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye 100 hasa. Rangi ya kahawia inatokana na protini za maziwa kukutana na sukari ya maziwa kwa muda mrefu ndani ya joto la wastani. Ni mabadiliko ya namna ileile yanayoupa mkate ngozi yake ya dhahabu. Watu wa Amerika ya Kusini wana kitu hichohicho na wanakiita dulce de leche. Jina tofi limebaki kwa sababu kilichokuwepo kabla yake kilikuwa tofi kweli.

Hili si jambo la nadharia tu. Linakueleza kwa nini saa zinahitajika nyingi: joto ni dogo, basi kazi inafanywa na muda. Saa mbili zinakupa kitu cha rangi ya chai ya maziwa kinachomiminika, hakifai pai. Saa tatu kinashika. Saa tano, ambazo ndizo za mapishi ya asili, kinakuwa cheusi kidogo, kizito, chenye uchungu wa mbali unaopambana na utamu. Ukikatisha muda kwa kuongeza moto hupati kitu, kwa sababu maji yanayochemka sana na yanayochemka polepole yana joto lilelile. Unachoongeza ni kasi ya maji kukauka, na huko ndiko hatari iliko.

Kopo, na namna linavyopasuka

Maji yakiwa yamelifunika kopo, yanalizuia lisipande juu ya nyuzi 100. Yakishuka chini ya kopo, au sufuria ikikauka, bati linapata joto la moto wenyewe, maziwa ya ndani yanatoa mvuke usio na pa kutokea, na kopo linapasuka. Kinachoruka ni uji wa sukari unaong'ang'ania ngozi, na majeraha yake ni mabaya kuliko ya maji ya moto. Mapishi ya Jevington yenyewe yana onyo kali juu ya jambo hili. Watengenezaji wa maziwa siku hizi wanakataza kuchemsha kopo lililofungwa, na makopo ya kufungulia kwa pete ya kuvuta yana mfuniko dhaifu zaidi. Hayo usiyachemshe hata kidogo.

Kwa mgahawa, ushauri wangu ni kuacha njia ya kopo lililofungwa. Jikoni pa biashara mtu anaitwa mbele, mwingine anapokea simu, na saa tano ni ndefu. Isitoshe, gesi ya saa tano si ya bure. Kuna njia mbili salama.

Ya kwanza ni oveni. Washa hadi nyuzi 220. Mimina maziwa mazito matamu ya kopo kwenye bakuli la kioo au la udongo linalostahimili joto, lifunike kwa karatasi ya alumini na kuibana ukingoni pote, kisha liweke ndani ya trei yenye kina na mimina maji ya moto hadi nusu ya kimo cha bakuli. Dakika 60 hadi 90. Chungulia maji kila baada ya nusu saa na uyaongeze. Yakitoka yanaonekana yamegawanyika, yana mabonge na ngozi. Usiogope, yapige kwa mchapo yangali ya moto, yatalainika kabisa. Kosa la kawaida ni alumini iliyolegea. Mvuke unatoka, juu panakauka, na ngozi hiyo kavu hailainiki hata ukiipiga vipi, italazimu uchuje.

Ya pili ni sufuria jikoni, na ndiyo ya haraka. Yeyusha gramu 100 za siagi na gramu 100 za sukari ya kahawia kwa moto mdogo, mpaka usisikie chembe za sukari zikikwaruza chini ya mwiko. Ukiongeza maziwa kabla ya hapo, tofi itakuwa na mchanga, na mchanga huo hauondoki. Tia kopo moja la maziwa hayo, la gramu 397, chemsha polepole huku unakoroga bila kuacha, ukipitisha mwiko kila kona ya chini. Iko tayari mwiko unapoacha njia inayochelewa kufungika. Ukiona vipande vyeusi vinaelea, chini pameungua: usikwangue, hamishia iliyo safi kwenye chombo kingine mara moja. Ukiona mafuta yamejitenga pembeni, moto umezidi. Ondoa, tia kijiko kimoja cha maji ya moto, piga. Njia hii, kwa kuwa ina siagi na sukari, inakaribia tofi halisi kuliko ile ya kopo, ijapokuwa ladha yake haina ule uzito wa saa tano.

Ukishikilia kupika kwa kopo lililofungwa nyumbani, chagua makopo yasiyo na pete wala mbonyeo, tandika kitambaa chini ya sufuria, maji yapite juu ya makopo kwa sentimita tano wakati wote, weka saa ya kukukumbusha kila dakika 20, na uyaache yapoe kabisa ndani ya maji yaleyale kabla ya kufungua. Kopo la moto likitobolewa linatema.

Kupanga pai

Ya asili haina biskuti. Ganda lake ni la unga na siagi, na Dowding hakupenda kabisa toleo la biskuti zilizopondwa. Naliunga mkono hilo kwa sababu ya ladha: tofi ni tamu, biskuti ni tamu, na ganda lisilo na sukari ndilo linalokupa pumziko. Kwa trei ya duara ya sentimita 25, chukua gramu 200 za unga wa ngano, gramu 100 za siagi baridi, chumvi kidogo, na vijiko vitatu vya mezani vya maji ya barafu. Sugua siagi kwenye unga kwa ncha za vidole iwe kama chenga, tia maji, kusanya, usikande. Kwenye joto la pwani siagi inayeyuka mikononi na ganda linatoka gumu, basi fanya kazi hiyo asubuhi na upumzishe donge kwenye friji nusu saa. Sukuma jembamba, tandaza, toboatoboa kwa uma, weka karatasi na maharage makavu juu yake, oka kwa nyuzi 190 dakika 15. Ondoa maharage, oka tena dakika 8 hadi 10 mpaka katikati pakauke na kupata rangi. Ganda lililotolewa likiwa jeupe katikati litalowa kufikia jioni. Acha lipoe kabisa.

Tofi inatangulia, ndizi zinafuata. Wapo wanaogeuza, wakaweka ndizi chini, na pai yao inavuja. Ndizi iliyokatwa hutoa maji, na tofi nzito iliyoko kati yake na ganda ndiyo inayoyazuia. Tandaza tofi ikiwa imepoa lakini bado inatandazika. Ikiwa ya moto italainisha ganda.

Tumia ndizi mbivu ngumungumu, zilizokuwa njano juzi tu na bado hazina madoa. Mtwike zinafaa sana, kwa kuwa ni ndefu na zinapasuliwa urefu kama mapishi ya asili yanavyotaka. Kisukari ni tamu zaidi na laini zaidi. Ukizitumia, punguza tofi. Mzuzu ni ya kupika, hapa haina kazi. Ndizi hubadilika rangi kwa sababu ya hewa, kwa hiyo dawa ni kuzifunika upesi: zimenye wakati krimu iko tayari. Limau si lazima zikifunikwa mara moja, na likizidi linaharibu.

Krimu ndiyo inayowashinda wengi huku kwetu. Ile nzito inayotumika Uingereza ina mafuta ya karibu asilimia 48, zinazopatikana dukani hapa mara nyingi ni 35. Hizo nazo zinasimama, sharti ziwe baridi sana. Weka krimu kwenye friji usiku kucha, bakuli na mchapo kwenye friza dakika 15. Kwa mililita 375, tia nusu kijiko cha chai cha kahawa ya kuyeyuka iliyo unga laini na kijiko kimoja kikubwa cha sukari. Kahawa ya chembechembe koroga kwanza na kijiko cha krimu hadi iyeyuke, la sivyo itaacha madoa meusi. Piga hadi krimu isimame kwa ncha inayoinama kidogo. Ukipitiliza inakuwa siagi, nayo hairudi nyuma. Ukiona inaanza kuwa na chembe, simama, ongeza vijiko viwili vya krimu mbichi na ugeuze taratibu kwa mwiko. Mara nyingi inaokoka. Usiongeze kahawa kwa kudhani ndiyo roho ya pai. Zaidi ya kijiko kimoja cha chai, inaimeza ndizi.

Panga krimu juu, funika ndizi zote mpaka ukingoni, nyunyiza kahawa iliyosagwa kwa vidole viwili tu. Iache friji saa moja kabla ya kukata, kisu kiwe kimechovywa maji ya moto na kufutwa kila kipande. Siku ya kwanza ni nzuri, ya pili inavumilika, ya tatu ndizi zimeshakuwa nyeusi na usiiuze.

Kwenye ubao

Unaweza kuandika banoffee, na mgeni aliyeiomba ataitambua. Banoffi pia si kosa, ni tahajia ya wenyewe. Kwa wageni wa hapa andika banofi, kwa f moja, halafu chini yake: pai ya ndizi na tofi, krimu yenye kahawa kidogo. Maneno hayo ya mwisho usiyaache, kwa sababu kuna wateja wasiotumia kahawa na wazazi wanaoagiza kwa ajili ya watoto wadogo. Wakikuomba isiyo na kahawa wapikie, na ubaoni jina libaki lilelile.